Magunia Ishirini na Manne na Kilima Kilichohama

Wenzangu wa kikosi cha nanga, hasa nyinyi mlioingia msimu huu,

Mtanisamehe kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, tena dawati la nyuma, na mkono wangu umezoea koleo kuliko kalamu. Nilianza kuandika Jumamosi na leo ni Alhamisi. Palipo na "l" mahali pa "r", someni tu kama mnavyonisikia nikiongea. Mtu wa Njombe hata akipanda ndege, hiyo haimtoki.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Otieno anasema huo ni ustaafu wa mchezaji wa mpira, na kwamba ningefunga angalau goli moja kwanza. Lakini goti langu la kushoto limechimba mashimo jangwani misimu tisa. Daktari alitazama picha ya hilo goti, akanitazama mimi, akauliza kama ninafanya kazi mgodini. Kwa hiyo narudi nyumbani, na mmeniomba niwaachie ninachokijua. Habari za vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vyetu mnavijua: kuna anayechimba, na kuna anayesema chimba.

Nilifika Dubai nikiwa kijana mwenye aibu sana. Chumbani kwetu, mtaa wa Al Nahda, tulikuwa wanane, na miezi miwili ya kwanza wengine walidhani mimi ni bubu. Kampuni yetu ilijenga majukwaa na mahema. Kazi nyingi zilikuwa kwenye kumbi za hoteli za mtaa wa Al Barsha, ambako unapiga misumari alfajiri na jioni huruhusiwi kupita hata kwenye zulia ulilolitandika mwenyewe. Nilizoea. Mtu mwenye aibu hapendi mazulia hata hivyo.

Kisha msimu mmoja wa baridi tukapakiwa kwenye basi, tukapelekwa jangwani kwenye tamasha la sanaa. Sikujua ni kitu gani. Nilitegemea jukwaa, viti na kamba ya kuzuia watu. Langoni alisimama mama mmoja mwenye kengele, kajipaka rangi ya buluu usoni. Alimzuia kila anayeshuka kwenye basi na kumuuliza swali moja: "Umeleta nini?"

Nilimpa nakala ya kitambulisho. Akatikisa kichwa. Nikampa kofia ya kazi. Akatikisa kichwa tena, akacheka. Nyuma yangu watu walianza kusukumana, jasho likanitoka, nikafungua mfuko nikampa chapati yangu ya mchana. Aliikata katikati, nusu akala palepale, nusu akanirudishia, akagonga kengele kwa nguvu mpaka nikaruka. Ndivyo nilivyoingia.

Baadaye nilielezwa. Kwenye tamasha lile hakuna anayeuza na hakuna anayenunua. Kila mtu huleta kitu: mwingine sanamu, mwingine ngoma, mwingine hunyoa watu nywele, mwingine hupika dengu sufuria nzima na kuwaita wapitao. Hakuna mtazamaji, kila aliye ndani ni mshiriki. Na mkiondoka mchanga ubaki kama mlivyoukuta, bila hata punje ya mchele. Aliyenieleza alikuwa Madam Farida, msimamizi wa eneo zima. Yeye ni wa zile familia za Kizanzibari zilizohamia Dubai zamani, na Kiswahili chake ni kile cha kwao, laini, hata anapogomba.

"Na sisi wenye vizibao vya kazi?" niliuliza, kwa sauti ndogo.

"Nyinyi mmepita lango lipi, mwanangu?"

"Hilohilo, Madam."

"Basi n'shakujibu."

Aliyenifundisha kazi ni Wanjiru wa Nakuru, ambaye wengi wenu mnamjua kwa kelele tu. Kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa duka huko Al Muraqqabat, akaacha kwa sababu, alisema, alichoka kulinda manukato yasiyomtishia mtu. Siku ya kwanza aliniona napiga kigingi cha chuma mchangani kwa nyundo. Alisubiri nimalize. Kisha akaking'oa kwa vidole viwili, kama anachomoa kijiti cha mshikaki.

"Wewe, unaitwa nani?"

"Eliya."

"Eliya, hapa si shamba la baba yako. Mchanga haushiki kitu. Ukitaka ushike, lazima uuzike."

Hiyo ndiyo kazi yetu yote, na ninaiandika hapa kwa wale wanaodhani ni kuchimba tu. Unachukua gunia la plastiki, unalijaza mchanga robo tatu. Ukilijaza pomoni halilali vizuri. Unachimba shimo hadi kiunoni, unalilaza gunia kwa upana kuelekea jengo, unalifunga kamba tumboni, unafukia, unakanyaga, unamwagia maji, unakanyaga tena. Ncha ya kamba inabaki nje na kitambaa chekundu. Gunia hilo moja litashika kuliko vigingi kumi. Sisi tunaliita nanga, na watu wa hoteli walitucheka kwamba tuna nanga pasipo na maji.

Jambo la pili alilonifundisha Wanjiru ni ramani. Kila nanga inaandikwa kwenye daftari: iko mita ngapi kutoka nguzo ya chuma ya langoni, na mita ngapi kutoka nguzo ya pili ya kwenye tangi la maji. Vipimo viwili, kutoka vitu viwili visivyotembea. Nilidhani ni urasimu. Vitambaa vyekundu vinaonekana, ramani ya nini?

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na mnara uliojengwa kwa milango ya zamani, ambao upepo ukipita ulilia kama ng'ombe mwenye njaa, na msanii wake hakutaka ufungwe kamba hata moja. Alisema lazima uwe huru. Wanjiru alimjibu, "Sir, ukiwa huru utaenda Oman." Tukaufunga nanga kumi na mbili. Kulikuwa na bembea ya watu ishirini. Kulikuwa na samaki wa vyandarua, mrefu kuliko basi, ambaye kila jioni alijaa upepo na kuanza safari. Kwa miaka hiyo yote tulishika kazi za watu wengine zisiruke, na sikuona ubaya wowote. Kushika ndicho tulichokuwa tumeleta.

Msimu wangu wa sita ndipo tulipoleta cha kwetu. Wazo lilikuwa la Otieno, mlinzi wa Al Barsha, ambaye siku zake za mapumziko alikuja kutusaidia kuchimba. Alivua shati lake la ulinzi lililopasuka begani, akalitundika kwenye kamba lipate kumtilia kivuli, akasema, "Buda, tukipata mashati mia tatu kama haya, tuna nyumba."

Tulipata zaidi. Sare zilizochakaa zilikuja kutoka kila mahali: mashati ya walinzi, vizibao vya wafagiaji, aproni za yaya, makoti ya wapishi, sketi za wahudumu wa ndege ambazo hatukuuliza zimetokaje. Kina dada wa Al Muraqqabat walizishona pamoja kwa mashine tatu, wiki tano. Likatoka paa moja kubwa la duara, tukaliita Paa la Sare. Kila sare ilibaki na jina lake kifuani. Watu walikuja, wakalala chali chini yake, wakasoma majina. Mama mmoja wa kutoka Al Barsha alimleta yaya wake na kumuuliza, "Lako lipi?" Yaya akaonyesha kwa kidole, na mama yule akalitazama muda mrefu.

Msimu huo Wanjiru alikuwa Nakuru akimuuguza mama yake. Nanga zote za Paa la Sare nilizizika mimi, na ramani niliandika mimi. Sasa nisikilizeni vizuri. Nguzo zote mbili zilikuwa mbali, na tepu yangu ilikuwa ya mita thelathini. Lakini pembeni kabisa mwa paa palikuwa na kilima kikubwa cha mchanga. Kwetu Njombe mpaka wa shamba unaupima kutoka kilima. Babu alipima hapo, baba akapima hapo, na wakigombana kilima ndicho shahidi. Nikasimama kwenye mguu wa kilima, nikanyoosha tepu, nikaandika kwa fahari: gunia la kwanza, mita sita kutoka kilima. La pili, mita nane. Hivyo mpaka la ishirini na nne.

Tamasha lilipokwisha tulilishusha paa salama. Siku hiyohiyo upepo mkali wa shamali ukaanza kuvuma, tukajifungia kwenye kontena siku mbili. Siku ya tatu asubuhi, hewa imetulia, nikatoka na koleo kwenda kung'oa nanga zangu. Hapakuwa na kitambaa chekundu hata kimoja. Na kilima hakikuwa pale nilipokiacha. Kilikuwa kimetembea, kimekuja kukaa juu ya kazi yangu.

Lazima mjue kilichokuwa hatarini. Mwenye ardhi alitukopesha eneo lile kwa sharti moja: mkaguzi wake aje siku ya mwisho, asikute kitu juu wala chini. Wafugaji hupitisha ngamia pale, na ngamia akila plastiki au kamba hufa polepole kwa tumbo. Akikuta kitu, tamasha halirudi. Na kitu chenyewe kingekuwa cha Paa la Sare, kazi ya kwanza iliyojengwa na wafanyakazi kwa ajili yao wenyewe. Wapo waliosema tangu mwanzo kwamba watu wa vizibao waachiwe kubeba, si kubuni. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake mchana.

Tulichimba watatu, mimi, Otieno na kijana mmoja wa Mbale, mpaka alasiri. Tulipata magunia mawili. Kifaa cha kutafutia chuma hakikusaidia, kwa kuwa gunia halina chuma. Otieno alikaa chini, akafuta macho.

"Buda, fikiria. Ni mchanga, ndani ya gunia, ndani ya mchanga. Nani atajua?"

"Ngamia," nikasema.

"Ngamia hawezi kuchimba mita moja, bana."

"Kilima kikihama tena atayakuta juu. Tena lawama itakuwa na majina yetu."

Sikuwa jasiri. Nilimpigia Wanjiru nikitumaini atanipa njia ya mkato. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Umemwambia Madam?"

"Bado, dada."

"Basi unanipigia mimi ya nini? Mimi ndiye nimeyakalia?"

Nikaenda kwa Madam Farida. Nilisimama nje ya hema lake nikihesabu mishono ya turubai. Aliponisikia akasema asubuhi patakuwa na mkutano wa chai wa wote waliobaki kufanya usafi, wasanii na wajitolea, watu karibu mia.

"Utawaambia, Madam?"

"Mimi? Mimi nikisema, watakuja kwa kuniogopa. Sema wewe, mwanangu. Nitakufasiria."

"Madam, mimi siwezi kusema mbele za watu."

"Hujui bado. Hujapata kujaribu."

Asubuhi ile walinipandisha juu ya kreti la maji. Vikombe vya chai vilikuwa vinatoa mvuke, na nyuso zote zilinigeukia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kueleza upepo, nguzo kuwa mbali na tepu kuwa fupi. Yote yaliniruka. Nikasema hivi:

"Naitwa Eliya. Nilipima kutoka kwenye kilima. Kilima kimehama. Magunia ishirini na mawili yako chini. Makosa ni yangu. Naomba miguu yenu."

Madam Farida alifasiri kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu. Halafu mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na kikundi chote kikaangua kicheko. Nilidhani nimekufa. Lakini walikuwa wanaweka vikombe chini. Yule msanii wa mnara wa milango alikuwa wa kwanza kuvua viatu.

Tuliwapanga mstari mmoja, bega kwa bega, kila mmoja na kipande cha nondo. Unapiga hatua moja, unachoma. Hatua moja, unachoma. Nondo ikishuka kwenye mchanga mtupu inapita kwa sauti ya kuvuta pumzi. Ikigusa gunia inasimama polepole, kama kisu kwenye mkate. Hakuna aliyelijua hilo isipokuwa sisi, kwa hiyo nilipita mtu kwa mtu nikishika mikono yao juu ya nondo: "Sikia. Hapana. Sikia tena." Siku hiyo niliongea na watu wengi kuliko mwaka wote uliotangulia, na hata sikugundua.

Gunia la kwanza alilipata bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya ya mbuni. Alipiga yowe kama kavua papa. Mtu akaleta sufuria na mwiko, na kila lilipopatikana moja sufuria iligongwa. Saa tatu tulikuwa na saba. Saa nne likaja basi dogo kutoka Al Barsha: walinzi kumi na wanne wametoka zamu ya usiku, bado na sare, macho mekundu. Otieno alikuwa amewapigia. "Mashati yetu yameshikwa mateka," aliwaambia, "kujeni muyaokoe." Wakaingia mstarini bila hata kunywa maji. Kumi na mbili. Kumi na tano. Ishirini.

Kufika saa sita kasoro, pamoja na yale mawili ya jana, tulikuwa na ishirini na matatu. Moja halipo. Mstari ulipita mara mbili, patupu. Upande wa mwisho kilima kilikuwa kimepanda juu sana na nondo hazikufika chini. Vumbi likaonekana barabarani. Lilikuwa gari la mkaguzi.

Hapo nilitazama yale mashimo ishirini na matatu. Paa la duara hushikwa kwa kuvutana: kila nanga ina mwenzake wa ng'ambo, na kamba zao hukutana kwenye mlingoti. Nikaomba kamba. Tukaunganisha kila shimo na mwenzake, zikakatana mahali pamoja, pale uliposimama mlingoti. Shimo moja likabaki halina mwenza. Nikavuta kamba yake kupitia katikati, nikaendelea nayo moja kwa moja mpaka ikaingia tumboni mwa kilima.

"Yalla!" alipiga kelele Otieno, na watu wakaanza kukichimba kile kilima kwa makoleo, masufuria na mikono.

Mkaguzi alishuka, kanzu nyeupe, faili mkononi, akasimama juu ya shimo akitazama. Mbele yake walikuwepo watu mia na kitu wakihamisha mlima. Otieno, akiwa na jasho mpaka kwenye kope, alimwendea na koleo.

"Sir, samahani sana. Hapa hakuna mtazamaji."

Niliziba uso. Nilipofungua, mkaguzi alikuwa amempa Madam Farida faili, anakunja mikono ya kanzu. Alichimba kama mtu aliyekulia palepale, kwa kutupa mchanga nyuma bila kugeuka. Na ni nondo yangu iliyolifuata koleo lake, ikashuka, ikasimama polepole.

Kelele za pale sitaweza kuziandika. Walinzi walilibeba lile gunia mabegani kama bwana harusi. Mwiko ulivunjika mpini.

Mkaguzi aliuliza tulipotezaje. Madam akanisukuma mbele, nami nikajibu mwenyewe kwa Kiarabu changu cha kazini: nilipima kutoka kilima. Alicheka mpaka akakaa mchangani. Kisha akasema babu yake mwenyewe alipoteza kisima kizima namna hiyohiyo, na familia bado inamsema. Tulisawazisha mashimo, akatembea eneo lote akipekua kwa mguu, akatia sahihi. Msimu uliofuata tulirudi, Paa la Sare likiwa na sare mia mbili zaidi. Miongoni mwazo ilikuwepo kanzu moja nyeupe yenye doa la mchanga lisilotoka.

Tangu hapo asubuhi ya kwanza ya kila msimu, kabla msanii yeyote hajaongea, mtu wa nanga hupanda juu ya kreti na kutaja kosa lake la msimu uliopita, na wote hunyamaza wamsikilize. Wapya mliniuliza hiyo desturi imetoka wapi. Imetoka pale. Wanjiru aliporudi kutoka Nakuru alikagua daftari langu, akauchana ukurasa wa kilima, akautundika ndani ya kontena kwa misumari minne. Alininunulia tepu ya mita mia.

Msimu huu mtapanda nyinyi, na mimi nitakuwa Njombe kwenye baridi nikipalilia viazi. Mkiniandikia, msihangaike kunieleza watu walivyofurahi wala sanamu ilivyokuwa ndefu, hayo nitayaona kwenye picha. Chukueni kurasa zilizobaki kwenye daftari hili, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu, mniambie mlikosea wapi, mlikaa na kosa hilo muda gani kabla ya kulisema, na nani alikuwa wa kwanza kuvua viatu. Nitajibu kila moja. Naandika polepole, lakini sasa nina muda.